Maji Yaliyotulia: Kuogelea kwa Salama katika Bonde la Usangu

Mtoto wa pwani hufundishwa mapema kuogopa mawimbi na mikondo ya bahari. Mtoto wa Madibira, katika bonde la Usangu wilayani Mbarali, anahitaji fundisho jingine. Huko mto Ndembera, uteremkao kutoka nyanda za juu za Iringa, hunywesha mashamba ya mpunga kwa njia ya mifereji. Wakati wa joto mifereji ya namna hiyo huwavuta watoto kuogelea, nao huchagua mahali palipotulia ili wasichukuliwe na maji. Uchaguzi huo una busara, lakini ni nusu tu ya busara.

Ni kweli kwamba mkondo ni hatari. Nguvu ya maji yanayomsukuma mtu huongezeka kwa mraba wa mwendo wake: mwendo ukizidi mara 2, nguvu huzidi mara 4. Kwa sababu hiyo maji ya magotini yaweza kumwangusha mtu karibu na banio au lango la mfereji, ambapo maji hubanwa na kwenda kasi. Hapo hapafai kuogelea, hata kwa aliye hodari.

Maji yaliyotulia nayo yana adui asiyeonekana. Konokono wa maji baridi hustawi penye majani na mwendo mdogo wa maji. Konokono wa jamii ya Bulinus hulea vimelea vya kichocho cha mkojo, na wale wa Biomphalaria hulea vya kichocho cha tumbo. Minyoo ya ugonjwa huu iligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Sehemu ya konokono katika kuueneza ilithibitishwa huko huko Misri mwaka 1915 na Mwingereza Robert Leiper.

Mzunguko wenyewe huanza kwa mgonjwa anayekojoa au kwenda haja majini. Mayai huanguliwa, na mabuu yake huingia mwilini mwa konokono. Baada ya majuma kadhaa hutoka mabuu mengine, yenye mkia wa panda, ambayo hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote kwa dakika chache. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, saa ile ile ambayo watoto hupenda kuoga. Yasipompata mtu, hufa kwa muda wa siku 2 hivi; ndiyo maana maji ya kuoga yaliyotekwa na kuwekwa kwa muda huo, bila konokono ndani, huwa na hatari ndogo.

Damu katika mkojo wa kijana isidhaniwe kuwa dalili ya kukua. Apelekwe kupimwa. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi katika maji yale yale.

Kwa hiyo mfereji uachiwe mpunga, na michezo ya majini ifanywe katika bwawa la kuogelea lililotiwa dawa, chini ya uangalizi wa mtu mzima ajuaye kuogelea. Shule nayo yaweza kuanza na kazi iliyo karibu zaidi: kuhimiza vyoo kando ya mashamba. Yai lisilofika majini halimfikii konokono, na konokono asiyeambukizwa hamdhuru mwogeleaji.