Istilahi za Upandikizaji wa Uloto: Kushika, Kukataliwa na Kurejea kwa Ugonjwa

Mwaka 2021 upandikizaji wa uloto ulianza kufanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Tukio hilo la kitabibu limekizalia Kiswahili kazi mpya, kwani mzazi hana budi kuelezwa kwa maneno anayoyafahamu hali ya seli alizopewa mwanawe. Makala haya yanafafanua dhana nne ambazo ni rahisi kuchanganywa.

Dhana ya kwanza ni kushika. Neno hili limetoka shambani, ambako mche uliohamishwa husemwa umeshika unapoanza kukua. Mgonjwa hupewa dawa za kuudhoofisha uloto wake, kisha hutiwa seli shina za mtoaji kupitia mshipani, mfano wa mtu anayeongezewa damu. Seli hizo husafiri hadi ndani ya mifupa. Seli nyeupe ziitwazo nyutrofili zikifika 500 au zaidi katika kila mikrolita ya damu kwa siku 3 mfululizo, pandikizo huhesabiwa kuwa limeshika.

Hata hivyo, hesabu hiyo haisemi seli hizo ni za nani. Hapo ndipo inapoingia dhana ya pili, yaani mchanganyiko wa seli. Maabara hulinganisha vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, ambavyo idadi ya marudio yake hutofautiana hata baina ya ndugu wa tumbo moja, isipokuwa pacha wafananao. Kwa kuwa seli nyekundu zilizokomaa hazina kiini, hupimwa seli nyeupe. Jibu hutolewa kwa asilimia ya seli za mtoaji, na kipimo hurudiwa mara kadhaa, maana mwelekeo wa asilimia hufundisha zaidi ya tarakimu moja.

Tatizo la maana huanzia hapa. Kwa mgonjwa wa saratani ya damu, kupungua kwa seli za mtoaji huweza kuwa dalili ya kurejea kwa ugonjwa: seli za saratani zilizosalia zimeanza kuzaana tena. Kwa mwenye selimundu, kiasi cha asilimia 20 cha seli za mtoaji huweza kutosha kuuondoa ugonjwa. Sababu ni kwamba seli nyekundu yenye umbo la mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ilhali ile ya kawaida huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo zile za mtoaji hulimbikizana na kuwa nyingi katika damu. Asilimia ikishuka kuelekea sifuri, kilichotokea ni kukataliwa kwa pandikizo. Uloto wa mgonjwa mwenyewe umetwaa tena nafasi yake, na selimundu hurudi pamoja nao.

Hivyo basi, kutumia neno "kurejea" kwa hali zote mbili ni kuficha chanzo, na chanzo ndicho kinachoamua tiba. Kadhalika, kutaja "asilimia 40" bila ufafanuzi ni hatari: masikioni mwa aliyezoea alama za mtihani, hiyo ni habari ya kushindwa, kumbe kwa mtoto wa selimundu yaweza kuwa habari njema.

Suala hili linavuka mipaka ya Tanzania. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Huko Kirolirwe, katika nyanda za Masisi, Kiswahili huzungumzwa, lakini msamiati wa hospitali hutokana na Kifaransa. Anayelijua jina la drepanositozi huenda hajapata kusikia selimundu. Istilahi zitakazokubaliwa Dodoma na Dar es Salaam zapaswa kupimwa pia kwa masikio ya msemaji huyo. Maneno ya kawaida kama kushika, kukataliwa na kurejea yana nafasi nzuri ya kueleweka kote, mradi kila moja libakie na maana yake.