Wifi Inakatika-katika Nyumbani? Kabla ya Kuformate Mashini, Pima Njia Kwanza



Wakati huu wa kutoa TFC na kujaza fomu za bursi, malalamiko ni yaleyale kila siku: «Wifi inashika, halafu inaachia.» Ordinatere inaonyesha alama ya wifi imejaa, lakini ukurasa haufunguki. Unazima, unawasha, inashika dakika 10, inaachia tena. Mtu anaita fundi. Fundi anaangalia mashini dakika 2, anasema: «Ndugu, hii ni Windows imechoka, tuformate.» Unatoa franga, na pamoja nazo zinakwenda faili zote ambazo hukuziweka mahali pengine, TFC ikiwa ndani. Jioni unarudi nyumbani, wifi inaachia vilevile kama jana, juu shida haikuwa mu Windows hata kidogo.

Neno «konexion» ndilo linatudanganya. Tunasema konexion ni mbaya kama vile ni kitu kimoja, kumbe ni njia yenye vipande. Kipande cha kwanza ni hewa kati ya ordinatere yako na ruta (kile kisanduku chenye antena, ao simu yako kama unatumia mega za simu). Cha pili ni kutoka ruta mpaka kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Cha tatu ni kutoka kwa kampuni mpaka kule mbali ambako Google na wengine wanakaa. Njia ikikatika, unapashwa kujua kwanza ni kipande gani. Bila hiyo, kila dawa ni kubahatisha, na kubahatisha kunakula pesa.

Jaribio la kwanza halina bei. Siku ordinatere ikiachia, chukua simu iliyo kwenye wifi ileile, simama palepale mbele ya meza, jaribu kufungua ukurasa. (Zima mega za simu kwanza, usijidanganye.) Simu ikienda vizuri na ordinatere ikagoma, basi ruta na kampuni hawana kosa, shida iko mu mashini. Vyote viwili vikigoma, usiguse mashini. Na kabla ya yote, angalia kama mega zako bado ziko. Unacheka, lakini wako wengi wanaoita fundi kumbe forfe imeisha tangu asubuhi.

Jaribio la pili linaomba dakika 5. Mu Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, ufungue «Invite de commandes». Andika ipconfig, piga Entrée. Tafuta mstari wa «Passerelle par défaut»: utaona namba kama 192.168.1.1 ao 192.168.0.1. Hiyo ni anwani ya ruta yako. Kisha andika:

ping -t 192.168.1.1

(uweke namba yako). Ordinatere inaanza kubisha mlango wa ruta kila sekunde, na ruta inaitika. Fungua dirisha lingine la namna ileile, andika ping -t 8.8.8.8. Huo ni mlango wa Google, kule nje. Acha madirisha mawili yatembee pamoja, wewe endelea na kazi. Kuhusu mega usiogope: kubisha ruta hakuli hata kidogo, na kubisha Google hakumalizi hata mega 1 kwa saa nzima.

Wifi ikiachia, soma madirisha. Kama dirisha la ruta linaendelea kuonyesha «temps=2 ms, temps=3 ms» lakini la Google limejaa «Délai d'attente de la demande dépassé», wifi yako ni nzima; shida iko nje ya nyumba. Kama yote mawili yanagoma, ama la ruta linarukaruka kutoka 3 mpaka 800, shida ni hewa, ni ruta, ama ni mashini, yaani iko humu ndani. Na kama yote mawili yanaitika vizuri lakini kurasa hazifunguki, mara nyingi ni ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, DNS, ndiyo imelala. Hapo unaenda mu mipangilio ya mtandao, unaweka 8.8.8.8 ao 1.1.1.1 kama DNS, na mambo yanarudi. Ctrl na C pamoja inasimamisha kila kitu na kukupa hesabu: ngapi zilitumwa, ngapi «perdus».

Tuseme umeona shida ni ya ndani. Hapa njo mahali ninataka tukae kidogo, juu nyumba zetu zina mambo yake.

Wifi ni redio. Ukuta wa mbao inaupita bila taabu, matofali yanaipunguza, beto yenye vyuma ndani inaipunguza sana, na bati inairudisha kama mpira. Maji nayo yanaimeza: pipa ya maji ya lita 200 iliyosimama kati ya ruta na chumba chako ni ukuta wa kweli. Kioo kikubwa cha kabati pia, kwa sababu nyuma yake kuna rangi ya chuma. Sasa angalia wapi watu wanaweka ruta: chini, nyuma ya televizyo, pembeni ya frigo, kisha wanalalamika. Ipandishe juu, ukutani ao juu ya kabati, karibu na katikati ya nyumba, antena zisimame wima. Unataka kujua kama umefanya kitu? Andika netsh wlan show interfaces, utafute mstari wa «Signal». Ukiwa na 80% uko vizuri. Chini ya 40% usishangae. Sogeza ruta, pima tena, sogeza, pima. Ni kazi ya nusu saa na hailipwi.

Shida nyingine ni majirani. Mu parsele moja unakuta nyumba kubwa na aneksi 4 za wapangaji, kila mmoja na ruta yake. Ruta nyingi za bei ya chini zinatumia gigahertz 2.4 tu, na hapo kuna kanali 13, lakini hizo kanali zinalaliana. Tatu tu ndizo zinaweza kukaa pamoja bila kugusana: 1, 6 na 11. Ruta ya jirani ikiwa kwenye 6 na yako ikiwa kwenye 8, hamko mbali, mnakanyagana, na ni vibaya kuliko kuwa wote kwenye 6. Wakiwa kanali moja angalau wanasikilizana na kungojana. Wakilaliana nusu, kila mmoja ni kelele kwa mwenzake. Wifi inafanya kazi kama mkutano wenye nidhamu: mmoja anasema, wengine wananyamaza, halafu mwingine anachukua neno. Kwa hiyo hata simu moja iliyo mbali sana, inayosema polepole kama mzee anayesoma barua bila miwani, inachukua wakati wa wote. Ile simu ya jirani uliyempa neno la siri mwaka jana inawachelewesha hata kama yeye anaangalia picha tu.

Kuna programu za bure za Android zinazoonyesha nani yuko kanali gani. Ingia mu ruta yako kwa kuandika ile namba ya Passerelle mu navigateri (neno la kuingilia mara nyingi limebandikwa chini ya kisanduku), chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye watu wachache, na palepale ubadilishe neno la siri la wifi. Jirani atakasirika siku 2, atazoea. Kama ruta yako iko na gigahertz 5 na ordinatere yako inaiona, itumie unapokuwa mu chumba kimoja na ruta: haifiki mbali, lakini kuna nafasi nyingi na kelele kidogo.

Sasa mashini yenyewe. Kosa ninaloliona zaidi ni dogo sana. Ili kuokoa batri, Windows inaruhusiwa kuzima karti ya wifi, na wakati mwingine karti haiamki vizuri. Fungua «Gestionnaire de périphériques», kisha «Cartes réseau», bonyeza mara mbili jina la karti ya wifi, nenda kwenye «Gestion de l'alimentation», utoe alama kwenye «Autoriser l'ordinateur à éteindre ce périphérique pour économiser l'énergie». Mashini nyingine hazina huo ukurasa. Basi utafute mu mipango ya umeme sehemu ya «Paramètres de la carte sans fil» uweke «Performances maximales». Kwa hili peke yake nimeona ordinatere ambazo zilikuwa zinangoja kuformatewa zinapona.

Kama shida ilianza siku Windows ilipofanya «mise à jour», palepale mu dirisha la karti, kwenye «Pilote», kuna kitufe cha «Restaurer le pilote». Kinarudisha ile ya zamani. Na kama ipconfig inakupa adresi inayoanza na 169.254, maana yake ordinatere iliomba namba kwa ruta na haikupewa: sahau ile wifi kwa kubonyeza «Oublier», washa ruta upya, ingia tena.

Wenye mashini za okazyon wasikilize hii. Kama Signal ni chini ya 50% hata ukiwa mita 1 na ruta, na simu palepale ina nguvu zote, kuna uwezekano mkubwa kwamba waya za antena ndani zimechomoka. Ni waya 2 nyembamba zinazobanwa juu ya karti ya wifi. Fundi anafungua mashini kupuliza vumbi, waya inatoka, anafunga, hajui. Kurudisha ni kazi ya dakika 10 kwa mwenye mkono mtulivu. Huyo njo fundi wa kumwita, na umwambie unachotaka: «Angalia antena za wifi», siyo «wifi ni mbaya».

Disko ya nje ya USB 3 nayo inatoa kelele kwenye gigahertz 2.4. Kama wifi inadondoka kila ukichomeka disko, tumia waya mrefu kidogo uisogeze mbali.

Kuhusu umeme sitasema mingi, sote tunaujua. Lakini angalia taa za ruta wakati wa kukatika. Zikizimika zote na kuwaka upya, ruta inajiwasha yenyewe, siyo wifi inayokatika. Sababu mbili: saa moja ya jioni umeme unashuka kwa kuwa mtaa wote unapika, ama chargeri ya ruta ilikufa na ukanunua nyingine sokoni. Soma maandishi: ile ya kwanza ilisema 12V 1A, hii mpya inasema 12V 0.5A. Itawasha ruta, lakini watu wakiunganika wengi, inashindwa kubeba. Volti ziwe sawasawa, ampere ziwe sawa ao zaidi.

Kama jaribio lilionyesha shida iko nje, basi kweli haiko mikononi mwako, na hakuna kuformate kutakakosaidia. Wakati mwingine iko mbali kuliko tunavyofikiri. Tarehe 6 mwezi wa nane 2023, maporomoko chini ya bahari, mu lile bonde refu ambalo mto Kongo umechimba baharini, yalikata kebo mbili, WACS na SAT-3, na intaneti ikalegea mu nchi nyingi za pwani ya magharibi mwa Afrika. Siku ile mtu aliyekuwa anasogeza antena alikuwa anapoteza jioni yake. Lakini kama kila siku saa ileile dirisha la Google linagoma na la ruta linaitika, andika: tarehe, saa, ngapi zimetumwa, ngapi perdus. Fanya hivyo wiki 1, upige picha ya skrini. Ukienda kwa kampuni na karatasi hiyo, hawatakuambia tena «washa-zima ruta yako».

Neno la mwisho ni kwa mwenye entrevi ya video kesho asubuhi na hana wakati wa haya yote. Acha wifi. Kama una ruta, unganisha ordinatere kwa waya wa RJ45. Kama unatumia simu, chukua waya wake wa chaji, uchomeke simu kwenye ordinatere, na mu mipangilio ya simu uwashe kushirikisha intaneti kwa USB (simu nyingine zinaandika «Modem USB»). Hapo hakuna hewa, hakuna jirani, na simu inapata chaji. Kisha mu Windows uweke hiyo konexion kuwa «connexion limitée», ili isianze kushusha mise à jour ya giga 3 wakati wanakuuliza ujieleze kwa kifupi.