Wayo Bapa Uliokakamaa: Kisu Hufaa Lini?

Mtoto atokapo kutawadha huacha nyayo za maji sakafuni, na mama mwenye jicho pevu hutambua upesi kama wayo wa mwanawe hauna uvungu. Tunawaomba kina mama wasitishike kwa hilo pekee. Watoto karibu wote huanza kutembea na nyayo bapa, na uvungu hujijenga polepole hadi miaka 10 hivi. Wapo wanaoishi nazo hadi uzeeni bila kuumwa.

Linalotushughulisha ni wayo bapa uliokakamaa. Mwambie kijana achuchumie. Uvungu ukitokeza na kisigino kikaelekea ndani, wayo ni mlaini, na usipouma hauhitaji tiba. Usipotokeza, na hasa akiwa na umri wa baina ya miaka 8 na 16, akilalamika maumivu karibu na kifundo, akiteguka mara kwa mara au akipata taabu kupita penye mchanga na mawe, na aonwe na daktari bingwa wa mifupa. Mara nyingi chanzo ni mifupa ya nyuma ya wayo iliyoshikana tangu kuzaliwa. Utotoni kishikizo hicho ni gegedu, hunyumbuka; mtoto akikua hugeuka mfupa, ndipo maumivu huanza. Inatusikitisha kusikia vijana kama hao wakiitwa wavivu.

Daktari hakimbilii kisu. Baada ya eksirei, na pengine skani, hujaribu mapumziko, soli maalumu za viatu, au plasta kwa wiki 4 hadi 6, na wapo wanaopona kwa hayo. Maumivu yakirejea, kishikizo hukatwa na mwanya hujazwa mafuta au msuli wa mgonjwa mwenyewe ili mifupa isishikane tena. Kisigino kilichopinda mno kuelekea nje huweza kukatwa na kurefushwa kwa kipande cha mfupa. Lakini viungo vikiwa vimekwisha kulika, huenda lisalie la kuiunganisha mifupa moja kwa moja: maumivu hupungua, ila wayo hubaki mkavu maisha yote, na viungo vya jirani hubebeshwa mzigo. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa.

Mzazi amuulize daktari ni njia ipi kati ya hizo, na kwa nini. Ikiwezekana, upasuaji upangwe likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, maana kijana atatembelea magongo kwa wiki kadhaa, ataswali ameketi kitini, na atahitaji mkono wa mtu kila aendapo msalani.