UZI: Kumpigia mgombea "mdogo" wa urais ni kuharibu kura?

1/ Sabato majuzi baada ya ibada, Oyugis, mzee wa kanisa alimwambia shangazi: "2022 uliharibu kura." Shangazi alimpigia yule wakili mhubiri, kwa sababu ya imani. Mimi nasomea siasa, kwa hivyo kesi ikaletwa kwangu.

2/ Mzee anakumbuka 1992. Enzi hizo nusu ya kura haikuhitajika: ongoza tu, upate asilimia 25 katika mikoa 5 kati ya 8. Upinzani ukagawanyika, mshindi akapita na asilimia 36 hivi.

3/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 138, inadai zaidi ya nusu ya kura, na asilimia 25 katika kaunti 24. Ikikosekana, wawili wa kwanza wanarudiana ndani ya siku 30.

4/ Kwa hivyo kura ya shangazi haikuharibika. Iliyoharibika haiingii kwenye hesabu. Yake iliingia na kuongeza ile nusu ya kuvukwa.

5/ Lakini hatari iko. Mhubiri alipata kura 31,987, asilimia 0.23. Mshindi akavuka na 50.49, mambo yakaisha. Duru ya pili ya urais Kenya haijawahi kufika, hata 2013 mshindi alipopata 50.07.

6/ Maoni yangu: ukiona wale wakubwa wawili ni sawa tu, fuata dhamiri. Lakini kama kuna mmoja unamwogopa kabisa, usitegemee duru ya pili kukuokoa.

Wadau wa Migori na Homa Bay, 2027 mtafanya aje?