Mpiga upinde anakungojea kwenye mawe

Katika Albion Online, mchimbaji anajulikana toka mbali. Anashuka kwenye ng'ombe wake, anapiga jiwe, anajaza mfuko, anapiga tena. Na mara mingi yule anayemwangalia toka mbali yuko na upinde. Vijana wanauliza upinde huo una nguvu gani, na kama mtu wa piki anaweza kutoka mzima. Tumeucheza muda wa kutosha kwenye telefone, na tunasema hivi: watu wanaogopa mishale, kumbe nguvu ya upinde haiko ndani ya mshale. Iko ndani ya metre.

Kwa wasioujua: mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Sandbox Interactive ya Berlin, Ujerumani. Ulitoka mwaka 2017, ukawa wa bure mwaka 2019, na toka 2021 unapatikana kwa telefone. Watu wengi wanaishi ndani ya dunia moja, na karibu kila kitu kinachouzwa sokoni kimetengenezwa na mchezaji mwingine. Kwa hiyo kuna wachimbaji. Unaanza na shaba, unapanda kwenye bati, halafu chuma, halafu titani, na juu kabisa kuna mawe ya hadithi tu ambayo hakuna kariere yoyote ya huku inayoyajua. Bati ukiichanganya na shaba unapata bronzi, sawa vile inavyofanyika kweli. Mzee wa Manono hatashangaa.

Dunia hiyo iko na kanda za rangi. Kwenye bluu hakuna mchezaji anayeweza kukuua. Kwenye manjano unaweza kuangushwa, lakini vitu vyako vinabaki. Nyekundu na nyeusi njo shida yenyewe: ukikufa, vingine vinaharibika pale pale, na vingine vyote anaokota aliyekuua, toka viatu mpaka mawe. Na mawe ya bei njo yako huko. Mama akimsikia kijana analalamika usiku na telefone mkononi, aelewe hiyo. Haiko picha tu iliyopotea, ni kazi ya saa mbili tatu iliyobebwa na mtu mwingine.

Sasa upinde wenyewe. Hapa hakuna mtu aliyezaliwa mpiga upinde: unachovaa njo unakuwa, na kadiri unavyokitumia njo unavyokizoea. Upinde unatengenezwa kwa mbao tupu, bila chuma, na unashikwa kwa mikono miwili. Kwa hiyo mwenye upinde hawezi kubeba ngao. Kumbuka hiyo, tutairudilia.

Silaha inampa vifungo 3. Cha kwanza anachagua mwenyewe: mishale mitatu inayofunguka kama vidole vya mkono, ama mshale mmoja mkali, ama mshale wa sumu. Wengi wanasifu ule mkali juu unaonekana vizuri. Sisi, kwa mchimbaji aliye peke yake, tunaogopa zaidi ule wa sumu. Unaendelea kukula uhai wakati unakimbia, na mtu anayeendelea kuumia hawezi kupanda ng'ombe wake kwa utulivu. Kupanda kunaomba sekunde kadhaa za amani, na sumu haikupe amani.

Kifungo cha pili njo moyo wa kazi. Kuna kinachofanya mishale inayofuata ipasuke na kuwapiga waliosimama karibu na wewe. Hicho ni kizuri mbele ya kundi la wanyama ama la watu. Lakini anayewinda mtu mmoja mara mingi anabeba mshale wa baridi: anaupiga huku akiruka nyuma, na wewe miguu inakuwa mizito. Angalia hesabu hiyo. Ulikuwa umekaribia kumshika, na kwa kidole kimoja yeye ameongeza nafasi na wewe umepunguzwa mwendo. Njo pale wachimbaji wengi wanakufia, na wanasema ati mishale ilikuwa mingi. Hapana. Nafasi njo ilikuwa kubwa.

Kifungo cha tatu kinatoka na aina ya upinde, hakibadilishwe. Upinde wa kawaida unafanya mishale yake ya kila siku iwe mikali kwa sekunde chache. Upinde mrefu unaangusha mvua ya mishale juu ya pahali fulani, na anayebaki chini anaendelea kuumia mpaka atoke. Mbele ya kundi, mvua hiyo ni kitu kikubwa. Mbele ya mtu mmoja anayejua kutembea, inaanguka bule.

Kofia, koti na viatu vinaongeza kila kimoja kifungo chake, na hapa wapiga upinde wengi wanachagua koti ya ngozi. Kuna moja inayomficha mtu asionekane kwa muda mfupi, na nyingine inayomrudishia uhai kila anapokupiga. Ile ya kwanza njo ya mwizi wa njiani, tuseme ukweli.

Turudi kwa ile ngao isiyokuwa. Mpiga upinde akikosa nafasi, hana kitu kikubwa cha kujikinga. Na kila kifungo kikishatumika, kinaomba muda kabla ya kurudi. Kwa hiyo usikimbie ovyo mara tu unapoona mshale wa kwanza, na kifungo cha viatu vyako usikimalize pale. Ungoje aruke nyuma. Akisharuka, njo saa yako: kimbia na viatu, ama mwingilie. Wenye jambia wako na mruko wa kumfikia, na hapo mambo yanageuka haraka. Wale wanaotumia kila kitu kwenye sekunde ya kwanza wanabaki na piki tu.

Kabla ya hapo kuna akili ya kazi, na wasomaji wetu wanaijua kuliko sisi. Usiende mbali na ng'ombe wako. Usingoje mfuko ujae mpaka mwisho ndiyo urudi. Tena kuna jambo la safari: mahali pazuri pa kusafishia mawe ya chuma ni mji wa Thetford, mji wa matope, na kwenye matope yake mawe hayo hayapatikane. Yanachimbwa kule, yanasafishwa huku. Mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa zaidi juu ya hiyo. Kila ramani nyekundu unayokata ukiwa umebeba ni nafasi moja ambayo umempa mwenye upinde.

Na kijana anayetaka kubeba upinde yeye mwenyewe? Aangalie rezo yake kwanza. Toka 2024 kuna serveri ya Ulaya, Amsterdam, lakini toka Kolwezi ama Likasi hadi kule ni mbali, na siku rezo ni mbaya utalenga pahali mtu alikuwa, siyo pahali yuko. Mvua ya upinde mrefu na ile mishale mitatu vinalengwa kwa kidole, kwa hiyo vinateseka sana. Upinde wa kawaida unasamehe zaidi: unamgusa mtu, mshale wa kawaida unamfuata. Hauna sifa nyingi mbele ya wenzako, lakini kwa telefone na rezo ya jioni njo tungeshika. Aujaribu kwenye bluu kwanza, na kule kwenye nyeusi asibebe upinde ambao hawezi kununua wa pili yake.