Si kila mwako wa tumbo ni vidonda

WATU wengi wanaposhikwa na mwako kwenye chembe cha moyo hukimbilia duka la dawa, wakanunua tembe za kupunguza asidi na kutangaza kwamba wana ‘alsa’. Huenda hawana. Pengine kinachowasumbua ni uvimbe wa muda mrefu wa utando wa ndani wa tumbo, yaani gastritisi sugu.

Utando huo hutoa ute unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi ya kusaga chakula. Kinga hiyo ikidhoofika, asidi huuchoma ukuta wenyewe. Mgonjwa huumwa juu ya kitovu, hupatwa na kichefuchefu, tumbo hujaa gesi, naye hushiba kwa matonge mawili tu ya ugali. Wengine hawahisi lolote kwa miaka mingi, na hapo ndipo penye hatari.

Zamani lawama zilielekezwa kwa pilipili na mahangaiko. Kisha mnamo 1982 madaktari Robin Warren na Barry Marshall wa Perth, Australia, wakafaulu kukuza katika maabara bakteria aina ya Helicobacter pylori kutoka matumboni mwa wagonjwa. Wenzao walipowatilia shaka, Marshall aliwanywa bakteria hao mwaka wa 1984, akaugua baada ya siku chache. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2005. Kufikia 1994, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limewaorodhesha bakteria hao miongoni mwa visababishi vya saratani.

Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Ajabu ni kwamba mwenye kuumwa na mgongo hununua diklofenaki asubuhi na dawa ya asidi jioni, dukani mle mle.

Bakteria hutambuliwa kwa kupima choo au pumzi, au kwa kamera inayoteremshwa tumboni. Omeprazoli huweza kuwaficha, hivyo daktari humtaka mgonjwa aiache kwa wiki mbili kabla ya kupimwa. Tiba ni angalau antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, aghalabu kwa siku 14. Anayeikatiza maumivu yanapotulia huwapa bakteria fursa ya kuwa sugu.

Anayepata choo cheusi kama lami, au anayetapika damu ama kitu mfano wa machicha ya kahawa, asipitie duka la dawa. Aende hospitalini siku iyo hiyo.