UDONGO PIA NI MWALIMU

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Sisi huitaja methali hii tukizungumzia malezi, lakini leo natuutazame udongo wenyewe, huu ambao watoto hufinyangia chapati za kujifanya.

Udongo wa kwetu si wa aina moja. Kule Thika kwa nyanya yangu ni mwekundu, kwa sababu una chuma kilichoshika kutu, na maji hupenya ndani yake upesi. Huku Ruiru, ukielekea upande wa Juja, utaukuta ule mweusi unaong'ang'ania viatu. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasukapasuka. Mdogo wangu wa miaka mitano hakufunzwa haya na mtu, lakini husema, "Chapati ya huku inavunjika, ya kwa cucu haivunjiki." Hiyo tayari ni sayansi.

Somo la pili ni hesabu. Wakicheza kalongolongo, watoto humimina mchanga kutoka mkebe mrefu hadi mpana, kisha huurudisha. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget (1896-1980), alionyesha kwamba mtoto wa umri huo huona maji yameongezeka yakitiwa katika chombo chembamba na kirefu. Piaget aliamini kwamba mtoto hujenga maarifa kwa kutenda, si kwa kukaririshwa tu.

La tatu ni kuishi na watu. Huyu ni mama, yule ni mwenye duka, majani ndiyo pesa. Wakigombana lazima wapatane, la sivyo mchezo unakufa.

Sasa taabu iko wapi? Tangu barabara kuu ya Thika ikamilike mwaka wa 2012, maghorofa yamechipuka Ruiru kama uyoga. Ua wa ploti nyingi ni simiti tupu. Mtoto anashinda mbele ya televisheni, na udongo anauona tu kwenye viatu vya wakubwa.

Sisemi uchafu ni mzuri. Kuna funza, mayai ya minyoo na vipande vya chupa. Lakini dawa yake ni viatu, kucha fupi na kunawa kwa sabuni kabla ya kula, wala si kumfungia mtoto ndani.

Nawaomba wenye ploti waache kona moja bila simiti. Nasi kaka na dada, tukitoka shule jioni, tuwapeleke wadogo wetu wacheze tukiwaangalia. Mtoto akirudi na matope magotini, kabla ya kumgombeza, muulize kwanza amepika nini.